Njia ya Nyumba Inapopinda

Masomo: Ruthu 1, Yohana 9:1–3

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo linalofika katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Mtu na mkewe wameipanga njia ya nyumba yao, wamewaombea watoto wao, wamefanya kazi kwa jasho. Kisha siku moja njia ile inapinda. Mtoto aliyelala mzima anafariki kabla ya mapambazuko. Binti aliyeolewa kwa shangwe anakaa miaka saba bila kuzaa. Kijana aliyesomeshwa kwa fedha za majani ya chai anarudi nyumbani bila kazi. Shamba lililotazamiwa kuwalisha ndugu wanne halimtoshi hata mmoja.

Saa hiyo maswali mawili hubisha hodi mlangoni. La kwanza lasema, "Ni nani aliyetutenda hivi?" La pili lasema, "Bwana, sasa twende wapi?" Mazungumzo yetu ni juu ya maswali hayo mawili. Tutayafuata katika historia ya nchi ya Kisii na Nyamira, kwa maana huko matunda ya kila moja yameonekana waziwazi, matamu na machungu.

Walikodhani wamefika

Wazee wa Wakisii, au Abagusii kama wanavyojiita wenyewe, husimulia safari ndefu ya baba zao. Profesa William Ochieng' aliyafanyia kazi masimulizi hayo, akayaandika katika kitabu cha historia ya Abagusii kilichotoka mwaka 1974. Yasemwa kwamba walitoka katika nchi tambarare ya Kano, karibu na Ziwa Viktoria, wakapanda mpaka Kabianga, katika nchi tunayoiita leo Kericho. Huko walijenga, wakapanda mbegu, wakadhani wamefika.

Lakini Kabianga haikuwapokea. Baridi iliharibu mazao, ng'ombe walikufa, watoto walikufa, na maadui waliwashambulia. Wazee hulieleza jina lenyewe la mahali pale kwamba lina maana ya mambo yaliyokataa. Basi nyumba zile zilifungasha tena mizigo, zikatawanyika, na baada ya taabu nyingi zikaingia katika vilima vya mvua ambavyo ndivyo Kisii na Nyamira ya leo. Hapo wimbi likaota. Hapo baadaye kahawa, chai na ndizi zikastawi, hata nchi ile ikawa miongoni mwa nchi zenye rutuba kupita zote katika Kenya.

Ndugu mpenzi, hatusemi kwamba makaburi ya Kabianga yalikuwa kitu kidogo. Mama aliyemzika mwanawe pale hakufarijiwa na chai ambayo ingepandwa baada ya vizazi vingi. Mtu asikudanganye kwamba kumtumaini Mungu ni kuyaita maovu mema. Ila twaona jambo moja: mahali palipokataa hapakuwa mwisho wa njia. Watu wale waliokolewa kwa kuondoka. Kama wangebaki Kabianga wakitafuta tu ni nani wa kulaumiwa, wangezikwa wote pale pale.

Boma lililopangwa, na hofu iliyokaa ndani yake

Katika vilima vile Wakisii walijenga nyumba zenye utaratibu mzuri. Kila mke alikuwa na nyumba yake na mashamba yake katika boma la mumewe. Wana walikaa karibu na baba yao. Mtaalamu Philip Mayer, ambaye kitabu chake juu ya mahari ya Wakisii kilitoka mwaka 1950, alieleza jinsi kijana alivyounganishwa na dada yake wa tumbo moja. Ng'ombe walioletwa dada alipoolewa ndio waliokwenda kumtafutia kaka yake mke. Hivyo njia ya kila mtoto ilijulikana kabla hajajua kuhesabu.

Sasa fikirini. Dada yule akifariki kabla ya kuolewa, au akirudi kwao na ng'ombe wakadaiwa, njia ya kaka yake nayo imefungwa. Msiba mmoja, na watu wawili wameangushwa. Katika boma lililopangwa vizuri hivyo, jambo lisilotazamiwa halikuonekana kuwa jambo tu. Lilionekana kuwa kazi ya mtu. Watu walikwenda kwa omoragori, yaani mpiga ramli, awaambie sababu. Wakati mwingine aliwaambia kwamba mizimu ya wazee yataka sadaka. Wakati mwingine aliwaambia kwamba yuko omorogi, mchawi.

Na mchawi huyo alidhaniwa kuwa nani? Robert na Barbara LeVine, wataalamu kutoka Marekani, waliishi kati ya Wakisii tangu mwaka 1955 hadi 1957, na kitabu chao kilitoka mwaka 1966. Waliona kwamba hofu ya kurogwa mara nyingi ilielekea kwa watu wa karibu: mke mwenza, jirani, jamaa wa ukoo. Yaani swali lile la "ni nani?" halikwenda mbali kutafuta. Lilizunguka kiwanja cha nyumba, likaingia mlango wa pili.

Injili iliyofika kwa njia iliyopinda

Injili ilifika katika nchi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walianza kazi ya Waadventista Wasabato huko Gendia, karibu na ziwa. Mwaka 1911 Wakatoliki walianza Nyabururu. Mwaka 1912 Waadventista walipanda mpaka Nyanchwa, kilima kilicho karibu na mji wa Kisii. Na mwaka 1948 Walutheri kutoka Uswidi walianza kazi yao katika nchi hiyo.

Msidhani kwamba wajumbe hao walipewa njia iliyonyoka. Nchi ilikuwa na jeraha bichi. Mwaka 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala Mwingereza, na serikali ikajibu kwa kuwapeleka askari walioua watu, wakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Kisha, Nyanchwa ilipokuwa na miaka miwili tu, vita kuu vikazuka. Mwezi wa Septemba mwaka 1914 Wajerumani waliingia Kisii kutoka upande wa Tanganyika, wakapigana na Waingereza pale pale. Katika machafuko yale nyumba za misheni ziliporwa, wamisionari wakaondoka. Mtu aliyetazama majengo yale matupu angesema, "Kazi imekwisha."

Baada ya hapo wanaume wa Kisii, pamoja na wa makabila mengine mengi, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, na wengi wao si kwa risasi bali kwa magonjwa na njaa. Katika mwaka 1918 homa kuu ya mafua ilizunguka dunia nzima, na Kenya haikuachwa. Hebu fikirini juu ya mke aliyebaki na wimbi la kupalilia na watoto wa kulisha, asiyejua kama mumewe yu hai au amekufa. Njia ya nyumba yake ilipinda bila yeye kuulizwa.

Lakini kazi ya Mungu haikuisha. Misheni ilifunguliwa tena, shule zikaanza, wana na binti wakajifunza kusoma. Mwaka 1948 Agano Jipya lote lilitolewa kwa Ekegusii, na mwaka 1988 Biblia nzima. Hivyo wajukuu wa wapagazi wale waliweza kusoma, kwa lugha ya mama zao, jinsi Bwana Yesu alivyolijibu swali la "ni nani?" Tutalifikia jibu hilo hivi punde.

Waliovuka kwenda Borabu

Kwanza tutaje kupinda kwingine. Baba wa Kikisii alitazamia kwamba wanawe watajenga kando yake na kumzika katika ardhi yake. Lakini watoto waliongezeka na vilima havikuongezeka. Katika miaka ya 1960, wakati wa uhuru, mashamba yaliyokuwa ya walowezi Wazungu kwenye mpaka wa mashariki yaligawanywa, na familia nyingi zikahamia Borabu, katika Nyamira ya leo. Walikwenda kukaa kati ya watu wasio wa ukoo wao, mbali na makaburi ya baba zao, na deni la ardhi juu ya vichwa vyao.

Kwa wazee wengi kuhama huko kulikuwa kama kung'olewa mti na mizizi. Hata hivyo huko Borabu makanisa yalijengwa, shule zikajaa, majani ya chai yakachumwa. Nyumba nyingi za leo zimetoka katika uamuzi ule mgumu wa kuuliza, "Sasa twende wapi?"

Nalo swali hilo halijaisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira. Huko Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mwana wa leo hawezi kuishi kama babu yake alivyoishi, hata akitaka. Njia imepinda tena, na nyumba nyingi zimekaa na maswali yale yale mawili.

Swali la kwanza linaposhinda

Sasa tuseme jambo lililo zito, nasi twalisema kwa machozi. Kuna siku ambazo swali la kwanza limeshinda.

Tangu mwaka 1992, kwa muda wa miaka michache, watu wengi katika nchi ya Kisii waliuawa kwa kutajwa kuwa wachawi, wengi wao kwa kuchomwa moto. Msomi Justus Ogembo aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 2006. Mwezi wa Mei mwaka 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa moto. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa vivyo hivyo. Hawakupewa nafasi ya kujitetea mbele ya hakimu. Walikuwa mama na nyanya za watu.

Zamani hizo njia za nyumba nyingi zilikuwa zimepinda kweli. Katika miaka ya 1990 malaria ilipanda mpaka milimani kwa milipuko mikali, ikawapata watu ambao miili yao haikuizoea. Ugonjwa wa ukimwi ulikuwa ukiwachukua vijana wa Kenya, wala dawa hazikuwapo. Huzuni ya watu ilikuwa ya haki. Lakini huzuni ikiongozwa na swali baya huwa kama moto uliochukuliwa kutoka mekoni ukatupwa juu ya paa la jirani.

Basi, wapendwa, kuutumaini uongozi wa Mungu si faraja ya moyo wa mtu mmoja tu, wala si maneno ya kuimba siku ya ibada. Katika vijiji vyetu ni jambo la uhai na mauti. Mtu asiyemwachia Mungu fumbo la nyumba yake atatafuta mtu wa kumtwika, na mtu huyo karibu siku zote atakuwa dhaifu: mjane, mzee, mke asiye na mtoto.

Bwana Yesu alivyojibu

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wakauliza swali lile lile la vijijini mwetu: ni nani aliyekosa, mtu huyu au wazazi wake? Tazameni jinsi Bwana alivyofanya. Hakuwachagulia mmoja kati ya wale wawili, wala hakutaja wa tatu. Aliliondoa swali lenyewe. Aliwaambia kwamba si yeye wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zionekane kwake. Kisha akainama, akafanya tope, akaanza kumhudumia. Wanafunzi walitaka mkosaji, Bwana akawaonyesha mgonjwa wa kutunzwa.

Tena tumwangalie Naomi. Yeye na mumewe Elimeleki waliondoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, wakaenda Moabu. Huko mumewe akafa. Wanawe wawili, Mahloni na Kilioni, wakaoa, kisha nao wakafa, wala hawakuacha mtoto. Vifo vitatu katika nyumba moja! Na katika nyumba ile walibaki wanawake wawili wageni, Orpa na Ruthu, wenye miungu mingine. Ni rahisi kama nini kwa mama mkwe kusema, "Tangu hawa waingie kwangu, wanangu wamekwisha!" Maneno hayo yamesemwa mara ngapi katika matanga ya kwetu?

Naomi hakuyasema. Alilia, na uchungu wake alimpelekea Mungu mwenyewe, akasema kwamba Mwenyezi ndiye aliyemtenda machungu. Mungu hakumkemea kwa kilio hicho. Lakini wakwe zake aliwabariki, akawaombea fadhili na raha katika nyumba nyingine. Na kwa sababu mlango wa upendo kati yake na Ruthu haukufungwa, Mungu alipita katika mlango huo. Ruthu alimzaa Obedi, babu yake Daudi, na Mathayo ameliandika jina la Ruthu katika ukoo wa Bwana Yesu. Kama Naomi angelimtaja Ruthu kuwa mchawi, angelimfukuza yule ambaye Mungu alikuwa amemweka awe faraja ya uzee wake.

Hilo ndilo twataka mlichukue leo. Hatuoni uongozi wa Mungu mbele yetu kama barabara iliyowekwa taa. Mara nyingi huonekana tukigeuka nyuma. Kwa hiyo wakati wa giza kazi yetu si kupiga ramli. Kazi yetu ni kutomtupa mtu yeyote ambaye Mungu amempa nafasi katika nyumba yetu.

Mambo ya kufanya

Labda utauliza, "Nifanyeje, njia ya nyumba yangu ikipinda?"

Kwanza, peleka uchungu wako mahali pake. Mwambie Mungu kila kitu, hata manung'uniko, kama Naomi. Asiyemlilia Mungu atamlilia mwanadamu kwa hasira.

Pili, ulinde ulimi wakati wa msiba. Uchomaji wa mtu hauanzi na moto. Huanza na jina moja lililonong'onwa jikoni. Mtu akilitaja jina hilo, na awepo Mkristo mmoja wa kusema waziwazi, "Hapa hatutaji mtu. Hapa tunaomba." Hata sheria ya Kenya iliyotungwa mwaka 1925 iliweka kuwa kosa kumshtaki mtu kwa uchawi mbele za watu. Lakini sheria haimo jikoni usiku. Wewe umo.

Tatu, tafuta sababu mahali zinapopatikana. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali mapema. Mume na mke wasiopata mtoto waende kupimwa wote wawili, wala lawama asiachiwe mke peke yake. Na mzee anayetangatanga usiku, anayesahau mlango wake akasimama kwenye mlango wa jirani, huenda ana ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Mshike mkono, umrudishe nyumbani. Wengine wameuawa kwa kosa hilo tu, la kupotea njia.

Nne, uliza swali la pili, tena uliulize pamoja na nyumba nzima. Ikiwa shamba halitoshi, baba aketi na wanawe na binti zake mchana, mbele ya mashahidi, waseme nani atabaki, nani atajifunza ufundi, nani atatafuta mahali pengine. Walioenda Borabu hawakuwa watu walioachwa na Mungu. Wala mwana anayeondoka leo hakupotea, ikiwa anaondoka na baraka.

Wapendwa, mahali ulipo leo pengine ni Kabianga yako, mahali palipokataa. Usiketi hapo ukihesabu majina ya majirani. Yuko Mchungaji aijuaye njia, hata ikipita katika bonde la giza, na hakuna mtu wa nyumba yako ambaye yeye amechoka naye.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, watazame leo walio na matanga, waliokosa watoto, waliokosa kazi na waliokosa ardhi. Uondoe mioyoni mwetu swali linaloua. Walinde wazee wetu katika nyumba zao usiku huu. Utufundishe kukuuliza njia, na kungoja, na kushikana mikono tunapongoja. Twaomba kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.